Mpemba, Erasto Bartholomeo

Mtanzania aliyewarudisha wanafizikia kwenye swali la namna maji yanavyoganda. Athari ya Mpemba, iliyopewa jina lake, ni hali ambayo maji ya moto hutangulia kuganda kuliko ya baridi, ingawa yote yamewekwa mahali pamoja.

Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walizoea kutengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombea. Mpemba akahofia kuikosa, akaingiza yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, yalikuwa bado mazito tu. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Lakini likizo ilipofika, rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga alimweleza kwamba yeye huweka maziwa ya moto makusudi ili yawahi kuganda.

Alipofika Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya watu wote, na darasa likaligeuza neno hilo kuwa utani wa kila siku. Yeye akapima kwa bika mbili za maji katika friza ya maabara ya biolojia. Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipokuja kutoa mhadhara, Mpemba alimuuliza mbele ya wote: kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya yale ya nyuzi 35? Wenzake walicheka. Osborne aliahidi kujaribu, na hapo ndipo palipo na kisa kitamu kuliko vyote: fundi wake wa maabara alileta taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kweli, ila wataendelea kurudia mpaka jibu sahihi lipatikane. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Uingereza, *Physics Education*.

Aristotle na Francis Bacon waliwahi kuandika juu ya jambo hili. Mpemba alilileta upya kwa vipimo. Sababu zilizotajwa ni pamoja na mvuke unaopotea, mzunguko wa maji ndani ya chombo, na maji kupoa chini ya sifuri bila kuganda. Hakuna iliyokubalika na wote. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walidai kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha kuwa athari hiyo ipo katika maji. Miaka minne baadaye, Kumar na Bechhoefer wa Canada waliionyesha kwa chembe ndogo zinazoelea majini, na leo jina la Mpemba hutumika hata pasipo na barafu wala friza.

Mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Alisomea uhifadhi katika Chuo cha Mweka, karibu na Moshi, akafanya kazi ya wanyamapori serikalini.