Gitaa la Mbaraka

Wadau, juzi pale Magomeni mshikaji mmoja kaniambia eti zilipendwa zote ni zile zile. Nikamwambia, hebu msikilize Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz. Jamaa aliimba na kupiga solo mwenyewe. Akimaliza mstari, gitaa linamjibu. Maneno yakiisha, linashika usukani. Anachukua kipande kifupi, anakirudia, kisha anakigeuza kidogo, huku ridhimu na besi zikitulia pale pale. Louis Armstrong naye kule Marekani aliimba na kujijibu kwa tarumbeta.

Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Kenya, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Solo zilizobaki ni zilizorekodiwa tu. Tusiposikiliza sisi, nani atazitunza? Mnasemaje wadau?