Gurudumu lililoinama: soma hii kabla hujanunua kamera ya safari

Wengi mmeniuliza ni kamera gani ya video inayofaa kunasa mwendo wa kasi, iwe umeifunga kwenye pikipiki, gari la mashindano au basi. Kabla sijajibu, nitawarudisha Ufaransa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mwanzoni mwa miaka ya 1910, Jacques Henri Lartigue, kijana ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 20, alisimama kando ya barabara kwenye mashindano ya magari na kupiga picha gari likipita. Picha ilipotoka, gurudumu la nyuma halikuwa duara. Lilikuwa kama yai, limeinama mbele kana kwamba linataka kuliacha gari lenyewe. Watazamaji nao wameinama upande wa pili! Si uchawi. Pazia la kamera ile lilikuwa na mwanya mwembamba uliopita mbele ya bamba la picha hatua kwa hatua. Sehemu moja ya gurudumu ilinaswa kwanza, nyingine baadaye kidogo, na katikati ya hapo gari lilikuwa limeshasogea. Watu waliinama kinyume kwa sababu Lartigue aliizungusha kamera kulifuata gari.

Mwaka 1963 jumba la MoMA la New York lilionyesha kazi zake, na kilema kile kikawa urembo. Kwangu mimi hakikuwa urembo hata kidogo.

Mwaka 2012 mjomba wangu, dereva wa basi la Nairobi na Mombasa, alikuwa anastaafu. Nikaamua kurekodi safari yake ya mwisho. Nilikuwa na kamera ya zamani ya kanda za MiniDV, zile zilizotoka 1995. Nikaiuza, nikaongeza pesa, nikanunua mpya yenye namba kubwa kubwa kwenye boksi. Nikaifunga kwenye dashibodi na kuiwasha.

Nyumbani nilipoifungua kwenye kompyuta, nilitaka kulia. Milingoti yote imelala. Barabara inacheza kama jeli. Mjomba akatazama kimya, kisha akasema, "Mpwa wangu, hili basi nililiendesha au liliyeyuka?"

Hebu tupige hesabu kidogo (mnanijua). Injini ya dizeli ya silinda sita ikizunguka mara 1,500 kwa dakika huwaka mara 75 kwa sekunde. Kamera yangu ilikuwa na kihisi cha CMOS, ambacho husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, kama ule mwanya wa Lartigue. Kikichukua sehemu moja ya 30 ya sekunde kumaliza, dashibodi imeshatikiswa mara mbili na nusu ndani ya picha moja! Kamera niliyoiuza ilikuwa na kihisi cha CCD, kinachonasa mistari yote kwa pamoja. Naam, niliuza dawa nikanunua ugonjwa. Nikaandika programu ya kunyoosha mistari. Ilinyoosha milingoti, ikapinda milima.

GoPro nazo zilipitia njia ndefu. Ya kwanza, ya 2004, ilitumia filamu. Ya 2006 ilirekodi video ya sekunde 10 tu. HD HERO ya 2009 ndiyo iliyoleta picha kali, lakini kwa CMOS hiyohiyo. Sony a9 III, iliyotangazwa 2023, hunasa picha yote kwa mpigo mmoja, ila bei yake inatosha pikipiki kadhaa.

Kwa hiyo dukani usihesabu megapikseli. Elekeza kamera kwenye mlingoti, izungushe haraka kushoto na kulia, kisha tazama ulichorekodi. Mlingoti ukilala sana, rudisha. Halafu ifunge mahali pasipotetemeka. Kwenye basi, dashibodi ndiyo mahali pabaya kuliko pote.

Video ile bado ninayo. Mjomba huiomba mara kwa mara. Hufumba macho, husikiliza gia zikibadilishwa, na huniambia, "Hapo tunaingia Mtito Andei."