Karatasi ya Pollack na Pointi 100 za Hershey

Machi 2, 1962, Philadelphia Warriors na New York Knicks walikutana Hershey, mji wa kiwanda cha chokoleti katika jimbo la Pennsylvania. NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ilikuwa na timu 9 tu, na baadhi ya mechi zilipelekwa miji midogo kutafuta mashabiki. Watazamaji waliohesabiwa walikuwa 4,124. Kamera ya televisheni haikuwapo hata moja. Mechi ilipomalizika Warriors walikuwa wameshinda 169 kwa 147, na Wilt Chamberlain peke yake alikuwa amefunga pointi 100.

Kwa kuwa hakuna filamu, wapo hadi leo wanaosema ile ni hekaya. Jibu langu kwao ni karatasi ya takwimu, isomwe yote, maana wengi huishia kwenye mstari wa Wilt.

Takwimu za usiku ule zilikuwa mikononi mwa Harvey Pollack, ofisa habari wa Warriors. Wakati huohuo alikuwa akiripoti kwa mashirika ya habari ya AP na UPI na kwa gazeti la Philadelphia Inquirer. Ndiye aliyeandika 100 kwa mkono kwenye kipande cha karatasi akampa Wilt akishike. Picha ile maarufu ilipigwa na Paul Vathis wa AP, ambaye alikuja na mwanawe kama mtazamaji tu, akalazimika kukimbilia kamera garini mambo yalipopamba moto.

Tuanze na Wilt. Robo ya kwanza alifunga 23, ya pili 18, ya tatu 28, ya nne 31. Alirusha mara 63, mipira 36 ikaingia, nazo ni pointi 72. Ribaundi alikuwa nazo 25. Kwa mtu aliyemaliza msimu ule na wastani wa pointi 50.4 kwa mechi, pointi 72 za vikapu si kioja. Kioja kiko kwenye mitupo huru: alipewa 32, akaingiza 28.

Hapo ndipo mia ilipopatikana. Mitupo huru ilikuwa udhaifu wake wa maisha yote. Msimu ule aliirusha kwa mikono miwili kutoka chini, usawa wa magoti, na bado aliingiza asilimia 61 tu. Kwa kiwango hicho, mitupo 32 ingempa vikapu 20 hivi, na angeondoka Hershey na pointi 92. Robo ya kwanza hakukosa hata mmoja kati ya 9. Robo ya tatu, 8 kwa 8. Anayetaka kuuelewa usiku ule aache kuwaza urefu wa Wilt, atazame mstari huu wa mitupo ambayo hakuna mtu wa kuizuia.

Sasa tushuke kwa wenzake. Guy Rodgers alitoa asisti 20, na hiyo pekee ingetosha kuandikiwa habari siku nyingine yoyote. Lakini angalia pointi zake 11: kikapu kimoja tu cha kawaida, zilizobaki 9 ni mitupo huru kati ya 12 aliyopewa. Robo ya nne Knicks waliamua kuwachezea rafu Warriors wengine makusudi ili mpira usimfikie Wilt, na mwenye mpira mara nyingi alikuwa Rodgers. Warriors nao wakajibu kwa kuwachezea rafu Knicks ili waurudishe mpira upesi. Upande wa Knicks, Richie Guerin alirusha mitupo huru 17 na Willie Naulls 15. Hapo karatasi inaonyesha wazi mechi iliyopindishwa na timu zote mbili, moja ikiwania namba ile, nyingine ikiikwepa. Wanaosema rekodi ilitafutwa kwa nguvu hawajakosea, ila na kizuizi kilikuwa cha nguvu vilevile.

Al Attles alirusha mara 8, zote zikaingia, akaongeza mtupo huru wake mmoja. Hakukosa kitu usiku mzima, na ni wachache wanaolikumbuka hilo. Kwa Knicks, Guerin alifunga 39, Cleveland Buckner 33 na Naulls 31. Darrall Imhoff, senta aliyeanza kumkaba Wilt, alidumu dakika 20 kabla ya kutolewa kwa faulo 6. Jumla ya mirusho ya kawaida ilikuwa 233 kwa dakika 48, yaani mmoja karibu kila sekunde 12.

Karatasi ina mapengo yake pia. Safu ya bloku haimo, kwa sababu NBA ilianza kuzihesabu rasmi msimu wa 1973–74. Bloku ndizo zilizompa jina Mtanzania Hasheem Thabeet chuoni Connecticut, hadi akachaguliwa wa pili katika NBA mwaka 2009. Mlinzi wa kikapu wa mwaka 1962, hata Wilt mwenyewe, kazi hiyo haikumwachia alama yoyote kwenye kumbukumbu rasmi.

Kikapu cha mia kiliingia zikiwa zimesalia sekunde 46, na mashabiki wakavamia uwanja. Pasi ya mwisho ilitoka kwa Joe Ruklick, mchezaji wa akiba. Wenzake walipokuwa wakimkimbilia Wilt, yeye alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya watunza kumbukumbu kuhakikisha wamemwandikia. Walimwandikia: dakika 8, pointi 0, asisti 1.