Nyuzinyuzi zisizo na uzi

Loweka kijiko cha mbegu za chia kwenye glasi ya maji, ngoja robo saa, uone. Kila punje imejivika ute mzito unaoteleza. Pakiti imeandikwa kwamba mbegu hizo zimejaa nyuzinyuzi, lakini uzi hauonekani hata mmoja. Kwa Wakongo na Warundi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, na kwa wasemaji wa Kiswahili jijini Lilongwe, ute huo si mgeni: wanaujua kwenye bamia, ambayo wenyeji huiita therere.

Nyuzinyuzi ni sehemu ya mmea ambayo utumbo mwembamba haumeng'enyi. Huteremka hadi utumbo mpana. Nyingine huliwa na bakteria waliomo humo, nyingine hukipa kinyesi ujazo na kukilainisha. Wataalamu wa lishe Tanzania huziita pia makapi-mlo. Jina hilo silipendi. Makapi hupepetwa yakatupwa, nasi tunamsihi mtu ayale! Kamusi zina ufumwele, neno zuri ambalo sokoni halisikiki. Nyuzinyuzi limeshinda, na liachwe na ushindi wake, mradi lifafanuliwe: zipo zinazoshika maji zikawa ute, na zipo ngumu za maganda. Chia inazo zote, na zile ngumu ndizo nyingi, ingawa sifa huenda kwa ute.

Gramu 100 za chia zina nyuzinyuzi gramu 34 hivi, protini kama gramu 17 na kalsiamu zaidi ya miligramu 600. Lakini nani anakula gramu 100? Kijiko cha chakula ni gramu 12 hivi, yaani nyuzinyuzi gramu 4, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Omega-3 yake nayo ni ya mimea; mwili huigeuza kidogo tu kuwa ile iliyomo kwenye samaki, kwa hiyo usipa wa Ziwa Malawi asiondolewe mezani.

Mwenye hela ndogo aanze na maharagwe na ugali wa mgaiwa, unga wa mahindi yasiyokobolewa. Unga mweupe umeziacha nyuzinyuzi zake kwenye madeya, pumba wanazolishwa mifugo. Chia ni nyongeza. Anayeila asiimeze kavu, maana hufura na yaweza kumkwama kooni. Ailoweke kwanza, na anywe maji ya kutosha.