Mtandao Upo, Lakini Unashika?

Tangu tarehe 1 Machi 2017 Mtanzania anaweza kuhama kampuni ya simu na kubaki na namba yake ile ile. Wakenya walitutangulia, Aprili 2011. Utaratibu wenyewe hauna makuu: unakwenda na kitambulisho kwa wakala wa kampuni unayoitaka, unatuma neno HAMA kwenda 15080, unasubiri. Kazi iko kabla ya hapo. Kila anayetaka kuhama huuliza, "Kwetu mtandao upo?" na wakala humjibu, "Upo, tena 4G." Wakala hadanganyi. Anajibu swali jingine, kwa sababu "mtandao upo" ni kauli iliyobeba mambo matatu kwa mpigo, na istilahi tunazozisoma kwenye taarifa zimeyachanganya.

Wahandisi wa simu wana neno moja la Kiingereza kwa jambo hili, na mzizi wake ni kufunika. Ndani yake mna picha ya shuka lililotandikwa juu ya nchi: aliye chini ya shuka amepata, aliye nje amekosa. Ramani za kampuni huchorwa hivyo hivyo, wilaya nzima ikapakwa rangi moja. Kiswahili hakikulichukua shuka hilo. Ni nadra kumsikia mtu akisema kijiji chake "kimefunikwa" na kampuni fulani, na ni heri. Badala yake yamezuka maneno matatu, kila moja kwa njia yake: ufikaji, usikivu na upatikanaji. Kwenye hotuba na matangazo hutumika kama visawe. Kwa maoni yangu si visawe hata kidogo, na anayetaka kuhama laini atajiepusha na majuto akiyatenga.

Ufikaji ndio unaochorwa kwenye ramani. Programu ya kompyuta hukokotoa mawimbi yatafika wapi, kwa kuangalia urefu wa mnara, nguvu ya antena, masafa yanayotumika na umbo la ardhi. Matokeo ni makadirio, na kwa kawaida humfikiria mtu aliyesimama nje, mahali peupe. Hayajui kwamba nyumba yako imeezekwa kwa bati, na bati ni chuma, hurudisha mawimbi yalikotoka. Hayajui unene wa kuta za mawe za Mji Mkongwe, Unguja. Penye milima kama Usambara hukosea zaidi, kwa sababu bega moja la mlima latosha kumnyima mtu mtandao huku jirani yake wa ng'ambo ya korongo akiongea na simu bila shida.

Masafa nayo yana tabia zake. Mawimbi ya masafa ya chini, kama megahezi 700, 800 au 900, husafiri mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Ya masafa ya juu, kama 2600 au 3500, hubeba data nyingi lakini huchoka mapema na huogopa ukuta. Mnada wa masafa ulioendeshwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, Oktoba 2022 ulihusisha aina zote mbili. Kwa hiyo kampuni inaposema ina 4G wilayani kwenu, swali la maana ni 4G ya masafa gani, na wakala wa kwenye mwavuli hana jibu la hilo. Hata simu yenyewe ina neno lake: simu iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine inaweza kukosa masafa ambayo kampuni yako mpya inategemea kijijini, ikabaki kwenye 2G huku ya mwenzako inafungua video.

Halafu kuna takwimu. Tukiambiwa mtandao umefikia asilimia fulani ya nchi, tuulize: asilimia ya watu au ya ardhi? Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 Tanzania, na milioni 5.4 kati yao wako Dar es Salaam. Kampuni itakayoweka minara Dar es Salaam peke yake itakuwa imewafikia karibu asilimia 9 ya Watanzania kwenye eneo lisilofika hata robo ya asilimia moja ya nchi. Hakuna aliyedanganya hapo, ila mtu wa Liwale au Mpanda akiisikia asilimia ya watu akadhani ni ya ardhi, atahama kwa matumaini ya bure.

Upande wa serikali, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hulipia sehemu ya gharama za minara kule ambako biashara peke yake isingeipeleka. Tarehe 13 Mei 2023, Dodoma, ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713. Ni kazi kubwa. Lakini tazama kipimo chenyewe: kata. Kata ya vijijini ina vijiji kadhaa, mashamba, vilima na mapori, na mnara mmoja ukisimama karibu na ofisi ya mtendaji ni rahisi kusema kata nzima imefikiwa. Aliyeko kitongoji cha mwisho bado anapanda kichuguu kutafuta mtandao.

Sasa usikivu. Neno hili limetoka kwenye redio, na bado mawaziri wetu hulitumia kuzungumzia mahali ambako matangazo ya TBC yanasikika au hayasikiki. Kwa redio limekaa sawasawa, maana kituo kinasema na msikilizaji anasikia, basi. Kwenye simu wengine huliona neno la kizamani. Mimi naliona ndilo bora kuliko yote matatu, kwa sababu linatulazimisha kuuliza nani anamsikia nani. Simu ni mazungumzo ya pande mbili: mnara lazima usikike kwenye simu, na simu lazima isikike kwenye mnara. Nguvu zao hazilingani. Antena za mnara hutoa makumi ya wati, huku simu ya 4G ikitoa kama sehemu moja ya tano ya wati, tena kwa betri ndogo. Ndiyo maana unaweza kuwa na vistari viwili pembeni mwa kioo, ukapiga, ukamsikia mwenzako vizuri kabisa, naye akawa anapiga kelele "Haloo! Haloo! Mbona huongei?" Simu yako inausikia mnara, mnara haukusikii. Shuka la wahandisi haliwezi kueleza jambo hilo. Usikivu unalieleza kwa neno moja.

Kipo hata kikomo kisichohusu nguvu. Kwenye 2G ya kawaida, mnara hauwezi kuhudumia simu iliyo mbali zaidi ya kilomita 35 hivi, hata kama kati yao kuna maji matupu, kwa sababu ya namna teknolojia hiyo ilivyogawa muda wa kupokea. Mvuvi aliye mbali ziwani anaweza kuuona mnara kwenye kioo cha simu na bado usimpokee.

Usikivu unapimika, na wala huhitaji fundi. Vile vistari vya kwenye kioo ni pambo zaidi kuliko kipimo, kwani kila mtengenezaji wa simu huamua mwenyewe vistari vitatu vina maana gani. Kwenye simu nyingi za Android, fungua mipangilio, nenda "Kuhusu simu", kisha hali ya laini. Utakuta namba yenye alama ya kutoa, ikifuatiwa na dBm, yaani desibeli zinazopimwa kutoka miliwati moja. Kadiri namba inavyokaribia sifuri, ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwa 4G, kutoa 80 ni nzuri sana, kutoa 100 inavumilika, kutoa 110 kushuka chini ni mashaka. Usiidharau tofauti ya namba hizo. Kila desibeli kumi ni mara kumi, kwa hiyo mawimbi ya kutoa 110 ni sehemu moja ya elfu ya mawimbi ya kutoa 80. Ukitoka sebuleni kwenda kibarazani na namba ikapanda kwa 15, umejua kwamba mnara uko sawa na lawama ni za bati lako.

Upatikanaji ni la tatu, na hili wamelitunga wananchi na mashine pamoja. Sauti iliyorekodiwa ndiyo iliyotufundisha kusema mtu "hapatikani". Kenya sauti hiyo ilisema "mteja" hapatikani, na vijana wakalifupisha mpaka simu iliyozimwa ikaitwa mteja: "Nilikupigia ukawa mteja." Hakuna kamati ya istilahi ambayo ingethubutu.

Mawimbi yanaweza kufika, simu na mnara zikasikilizana, na bado huduma isipatikane. Sababu ya kwanza ni msongamano. Mnara una uwezo wenye mpaka, na waliounganishwa nao wanaugawana. Saa nne asubuhi, watu wakiwa shambani, intaneti inakwenda vizuri. Saa mbili usiku kila mtu amerudi, bando limewashwa, video zinazunguka tu. Sababu ya pili ni njia ya kutoka mnarani kwenda kwingine duniani. Mnara uliounganishwa na mkongo wa nyuzi za kioo una barabara pana. Ule unaorusha mawimbi kwenda mnara mwingine, nao kwenda mwingine, hauwezi kutoa zaidi ya kile kinachopita kwenye kiungo chembamba kuliko vyote. Ya tatu ni umeme: betri au jenereta ya mnara ikiwa hoi, umeme ukikatika mtandao nao unaondoka. Hakuna ramani ya ufikaji inayoonyesha lolote kati ya haya.

Kwa hiyo, kama ningepewa kalamu ya msanifu wa istilahi, ningeliacha "ufikaji wa mawimbi" liwe la ramani na asilimia, "usikivu" liwe la simu na mnara kusikilizana, na "upatikanaji wa huduma" liwe la kile mteja anacholipia. Kampuni ikiandika "tumefikia vijiji vyote" tujue imesema la kwanza tu. Watangazaji hawatapenda mgawanyo huu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuutaka.

Mnara unaouona mlimani usikudanganye nao. Minara mingi nchini ni mali ya kampuni za kupangisha, Helios Towers ikiwa mojawapo, na mnara mmoja unaweza kubeba antena za mitandao mitatu au ukabeba za mmoja tu. Kwa macho hutajua. Njia ya uhakika ni laini ya mtandao wenyewe. Nchi yetu ni ya simu za laini mbili, na karibu kila ukoo una mtu mwenye laini ya kampuni unayoifikiria. Mwombe shemeji aje na simu yake, alale kwako siku mbili. Tazama namba ya desibeli chumbani, jikoni, dukani kwako na njiani kwenda kazini. Piga, kisha mwulize unayempigia kama anakusikia, maana huko ndiko udhaifu unakojificha. Jaribu intaneti saa mbili usiku, umeme ukiwepo na ukiwa umekatika. Kama hakuna wa kumwazima, sajili laini mpya kwa kitambulisho cha NIDA na alama ya kidole, uitumie pembeni ya ile ya zamani kabla ya kuamua.

Uangalie na wakala wa fedha. Mtandao unaoshika vizuri lakini wakala wake wa karibu yuko mwendo wa bodaboda ya shilingi 3,000 utakugharimu zaidi ya huo unaoukimbia.

Ukifika dukani, basi, usiulize kama mtandao upo. Taja kitongoji, taja chumba, taja saa. Na kabla ya kutuma neno HAMA, toa fedha zote zilizomo kwenye akaunti ya simu na umalize salio la vocha, kwa sababu kinachohama ni namba peke yake.