Ngoma za Kamaru zilipona, zangu zikaenda

Wasee wa Nyeri, mwaka jana hadi diski yangu ilianguka steji ya Karatina. Ngoma elfu nne, nakala moja. Ikalia tik-tik, ikanyamaza. Na vile nilikuwa nimeacha chuo, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote.

Sasa cheki Joseph Kamaru, mzee wa Kangema, Murang'a. 1975, J.M. Kariuki alipouawa, Kamaru alimwimba na serikali ikaupiga wimbo marufuku redioni. Haikusaidia. Santuri zilikuwa tayari kwa watu, na hakuna askari angefungua kila kabati. Kamaru alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake, naye ni Joseph Kamaru, lakini wengi mnamjua kama KMRU, yule msanii wa sauti wa Berlin, ndiye anasafisha rekodi za guka wake na kuzitoa upya Bandcamp.

Santuri ikikwaruzika bado inaimba, hata kama inarukaruka. Diski ikifa, inakufa na kila kitu. Hapo ndipo sisi tumewekwa.

Kwa hivyo kaseti za guka wangu nazihamisha kwa FLAC. MP3 hukata sauti ndio faili iwe ndogo, na kilichokatwa hakirudi. Nakala moja iko kwa laptopu, ya pili kwa diski mpya, ya tatu kwa shosho Othaya, ndani ya sanduku la hati ya shamba. Kila nikienda kumwona naifungua, nione kama bado inasoma. Yeye hudhani nimefuata hati.