Maroboti Waliokimbia Kwao

Katika boksi la vitabu vya msaada lililoletwa kwenye kikundi chetu cha vijana, katikati ya vitabu vya hesabu na kamusi ya Kireno, kulikuwa na kitabu kimoja cha katuni kisicho na jalada. Vijana walikigombania mpaka nikakichukua mimi. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha sekondari tu, tena kilipitia mlango wa Kireno. Kwa hiyo nilikaa nacho siku tatu, picha kwanza, maneno baadaye. Nilipomaliza niliwaambia wenzangu: jamani, hii si hadithi ya kuchekesha watoto tu. Hii ni hadithi ya watu waliokimbia kwao.

Naomba niieleze, maana ina historia ndefu kuliko inavyoonekana.

Katuni yenyewe ilitolewa Marekani mwaka 2019 na kampuni ya IDW, katika matoleo 5. Mwandishi ni Erik Burnham, mchoraji Dan Schoening, na aliyetia rangi ni Luis Antonio Delgado. Ndani yake zimekutanishwa hadithi mbili ambazo kila moja ilikuwa na kwao. Moja ni Transformers, yaani maroboti wakubwa kutoka sayari nyingine wanaoweza kujigeuza magari na ndege. Ya pili ni Ghostbusters, wale wanaume wanne wa New York wanaokamata mizuka kwa mashine wanazobeba mgongoni.

Hadithi inaanza hivi. Kwenye sayari ya maroboti, Cybertron, kuna vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka mingi. Vita havikumalizwa na mshindi. Vilimalizwa na maangamizi: pepo mkubwa aitwaye Gozer, yule yule wa filamu ya Ghostbusters, alifika akaiharibu sayari nzima. Kundi moja la maroboti, Autobots, likawahi kutoroka. Waliondoka wakiamini kwamba nyuma yao hakubaki aliye hai, wakawa wanazunguka angani kutafuta pa kuishi. Miaka ikapita. Halafu siku moja wanapata ishara kutoka dunia yetu, ishara ambayo haiwezi kutumwa na mwingine isipokuwa mtu wa kwao. Mmoja wao anatumwa kwenda kuangalia, na anachokikuta huku si ndugu aliye hai. Ni mzuka wa mtu wa kwao, Starscream, ambaye kwenye vita alikuwa upande wa adui.

Hapo ndipo nilipokiweka kitabu chini nikatoka nje kidogo. Nadhani msomaji wa kambi hii anajua kwa nini.

Sasa turudi nyuma. Hadithi zote mbili zilizaliwa mwaka mmoja, 1984. Filamu ya Ghostbusters ilitoka Juni mwaka ule, na Transformers waliingia madukani na kwenye televisheni mwaka huo huo. Ndiyo maana wakakutanishwa 2019, kusherehekea miaka 35. Lakini zilivyozaliwa ni tofauti kabisa.

Maroboti walianza kama vitu vya kuchezea vya Japani, vya kampuni ya Takara. Vingi vilitoka kwenye aina iliyoitwa Diaclone, na huko Japani havikuwa na uhai. Vilikuwa vyombo tu: ndani ya roboti anakaa mtu mdogo anayeendesha, kama dereva wa trekta. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ikavinunua, na waandishi wa katuni wa Marvel wakapewa kazi ya kuvitungia majina na hadithi. Hao ndio waliomtoa dereva wakatia roho. Yaani mashine zilipata roho zilipovuka bahari. Na ukishampa kitu roho, umempa na kifo. Kwenye filamu yao ya katuni ya mwaka 1986 Starscream aliuawa, na mwaka huo huo kwenye televisheni akarudi akiwa mzuka. Kwa hiyo swali aliloniuliza kijana mmoja wa kikundi, "Mwalimu, roboti akifa anakuwa na mzimu?", lilishajibiwa kabla mimi na yeye hatujazaliwa.

Mizuka ya Ghostbusters ilitoka mahali pengine, ilitoka nyumbani. Dan Aykroyd, aliyebuni wazo la filamu hiyo na kuiandika pamoja na Harold Ramis, amekulia Kanada katika familia iliyozungumza na wafu. Babu mzaa babu yake, Samuel Aykroyd, alikuwa daktari wa meno, na nyumbani kwake watu walikusanyika kuita roho za waliokufa. Baba yake Dan alikuja kuandika kitabu juu ya historia ya mizuka. Nawaandikia hili hasa wenzetu wa mashirika, kwa sababu mara nyingine nikitaja majini naona mtu anatabasamu kwa adabu. Kuzungumza na wafu si jambo la kijijini kwetu peke yake.

Mwaka huo wa 1984 huku kwetu hakuna aliyekuwa akinunua roboti. Tarehe 16 Machi Samora Machel alitia saini Makubaliano ya Nkomati na P. W. Botha wa Afrika Kusini, ili vita vipungue. Havikupungua, viliendelea mpaka makubaliano ya Roma mwaka 1992, na watu wengi wakavuka mipaka kukimbia. Wazee wetu wengi walijifunza kukimbia wakati ule, sisi tumerudia tu somo.

Na mwaka 2019, ilipotoka katuni hii? Tarehe 25 Aprili kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado, Ibo na Macomia zikavunjika vibaya. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vilikuwa vinaendelea. Na mwezi Juni, mwezi ule ule lilipotoka toleo la kwanza, kampuni za gesi zikatangaza kwamba zimeamua kuwekeza Afungi, mabilioni ya dola. Watu wa Quitupo wakahamishiwa Quitunda. Wakaja wanaume wa ovaroli, wakaja na mashine kubwa za njano kuliko nyumba yoyote tuliyowahi kujenga. Sisemi kwamba mchoraji wa Marekani alikuwa anatufikiria sisi, hakuwa anatujua. Nasema tu kwamba ukikisoma kitabu hiki Palma, mashine kubwa kutoka mbali na roho za wenyeji si mambo ya kubuni.

Wengine watasema katuni ni mchezo, haiwezi kubeba mambo mazito. Nchi yetu inajua vingine. Baada ya uhuru Frelimo ilikuwa na kikatuni chake, Xiconhoca, na mwaka 1979 kilichapishwa kitabu kizima chake. Jina ni Xico na nyoka. Alikuwa mlevi, mvivu, mlanguzi, mwenye maneno mengi, na kazi yake ilikuwa kutuonyesha adui yuko wapi. Kilichekesha, lakini kilifundisha kuchungulia jirani: huyu naye si Xiconhoca? Katuni yenye adui mmoja ni rahisi kuchora. Hii ya maroboti na mizuka ni ngumu zaidi, maana yule aliyekuwa adui amekufa, na sasa anahitaji msaada wa wale wale aliopigana nao.

Hapo ndipo tulipokwama kwenye kikundi.

Nilikuwa nimewaambia vijana wachore yao: kila mmoja achukue kiumbe wa kwao, tuwakutanishe kwenye ukurasa mmoja. Kijana wa Mocímboa, Mmwani kama mimi, akachora jini wa baharini na fundi anayemtoa kwa ngoma na ubani. Binti wa Muidumbe, Mmakonde, akachora lipiko. Ikawa kelele. Mmoja anasema lipiko si jini, ni mtu tu kavaa kinyago. Mwingine anasema jini wenu ni wa vitabu, hajui mwitu. Baada ya dakika tano hawakuwa wanazungumzia michoro tena, walikuwa wanazungumzia nani alileta vita. Sote tunajua maneno hayo, Mmwani akimwangalia Mmakonde, Mmakonde akimwangalia Mmwani. Tunakaa turubai kwa turubai, tunachota maji bomba moja, lakini maneno hayo yapo chini kama makaa.

Nilienda kwa mzee mmoja mchongaji, Mmakonde. Nilimwamkia, nikamweleza. Akacheka kwanza. Akaniambia, mwanangu, lipiko tangu lini akakataa wageni? Akanikumbusha historia ambayo shuleni hawakunifundisha. Mapiko ni vinyago vya jando vya Wamakonde wa nyanda za juu za Mueda. Zamani wanawake na watoto waliambiwa kwamba anayecheza ni mfu aliyeitwa kutoka kaburini, na siri ililindwa. Lakini sura ya kinyago haikuwa ya Wamakonde tu. Wachongaji walichonga kila aliyepita mbele yao, hata Mreno, hata mtu wa pwani. Mgeni aliingia kwenye ngoma kwa kuchongwa. Baadaye hata wanawake, ambao siri ilikuwa dhidi yao, wakawa na kinyago chao wenyewe, lingundumbwe.

Na wale waliovuka Ruvuma kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanganyika walibeba ufundi wao. Katika miaka ya 1950, Dar es Salaam, mchongaji Samaki Likankoa, mzaliwa wa huku kwetu, alianza kuchonga mpingo kwa mtindo ambao leo dunia nzima inauita mashetani: viumbe wenye jicho moja, viungo vilivyopinda, mdomo pembeni. Mfanyabiashara Mhindi, Mohamed Peera, ndiye aliyeona thamani yake akamtia moyo aendelee. Fikiria: Mmakonde aliye mbali na kwao, Mhindi, mji wa Waswahili, na neno "shetani" lililotoka Uarabuni. Ukiuliza ni kazi ya nani, kila mmoja ana fungu lake, na bado ni ya Wamakonde.

Nikarudi kwa vijana na jambo moja nililoliona katika katuni. Maroboti wana nguvu na silaha, lakini hawajui mzuka ni kitu gani. Wale wanaume wanne wanajua mizuka, lakini hawajui vita vya Cybertron. Hakuna upande unaomgeuza mwenzake. Roboti aliyetumwa, Ectotron, anachukua umbo la gari la wawinda mizuka. Na gari lile ni Cadillac la mwaka 1959, la aina iliyotengenezwa kubebea wagonjwa na maiti. Katika magari yote ya dunia, mkimbizi yule akawa gari la kubeba maiti.

Nilipolisema hilo, binti wa Muidumbe alinyamaza muda. Kisha akasema, "Basi mimi nataka achore roboti anayembeba bibi yangu." Bibi yake alibaki. Hakuweza kutembea, na waliokimbia hawakupata nafasi ya kurudi kumzika. Kijana wa Mocímboa naye ana mjomba wake. Hawakupatana siku ile kuhusu nani alileta vita, na mimi sitadanganya kwamba walipatana. Walipatana ukurasa mmoja. Roboti yuko njiani, lipiko anatangulia kwa sababu anajua njia ya mwitu, na fundi wa pwani anafuata na ubani, na nyuma ya gari kuna watu wawili wamefunikwa shuka.

Nasema haya kwa sababu ya jambo moja ambalo halina fomu. Tukifika kambini tunaulizwa kaya ina watu wangapi, umri, jinsia, ugonjwa. Ni sawa, bila hesabu hakuna chakula. Lakini waliobaki nyuma bila kuzikwa hawahesabiwi popote, na hao ndio wanaotuamsha usiku. Katika filamu ya Ghostbusters kuna ofisa mmoja wa serikali anayefika na karatasi, anaamuru mashine ya kufungia mizuka izimwe, hataki kuelezwa. Ikazimwa, mizuka ikatapakaa mji mzima. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka.

Wenzetu wa mashirika, hatuombi muamini majini. Tunaomba mahali na siku. Waislamu wana sala ya maiti asiyekuwepo, wana khitma. Wakatoliki wa Mueda na Muidumbe wana misa ya marehemu. Wenye ngoma wana ngoma. Turubai moja, sukari kidogo, na ruhusa ya kukusanyika mpaka usiku, haya si mambo ya gharama.

Na sisi wenyewe, Wamwani na Wamakonde, siku ya khitma ya mjomba wa yule kijana, tuone nani wa upande wa pili atakuja kukaa mkekani. Binti ameshasema atakuja. Ule mchoro wao tumeubandika kwenye mlango wa banda la kikundi, nendeni mkauone kabla mvua haijaanza.